Ombi la Kumpunguzia Mume Wangu Pumzi

Rudewa, Kilosa

Kwa Ndugu Damiano, Msimamizi wa Mazoezi ya Viungo Hospitalini,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima zote na hasira kiasi, nikiomba mtaalamu wako, dada Fausta, ahamishwe kutoka huku kwetu. Ikiwezekana apelekwe Mikumi, akawafundishe twiga kupumua.

Utakumbuka mume wangu Ngolo alianguka kutoka juu ya lori la mahindi pale Dumila, akaumia uti wa mgongo shingoni. Alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, sauti imebaki kama ya mbu ndani ya chupa. Akisema maneno mawili, anapumzika. Kohozi likimkaba, namkandamiza tumbo ili akohoe, huku namwomba Mungu kimoyomoyo. Sikatai, tuliogopa sana. Lakini Fausta alipoanza kuja na puto, mirija ya soda na chupa ya maji ya kupulizia mapovu, hakunitahadharisha kuhusu haya:

1. Ubishi. Katika ndoa yetu sikuwahi kumshinda Ngolo kwa maneno. Baada ya ajali nikawa nashinda kila siku, maana pumzi ilimwishia katikati ya hoja. Nilishaanza kuzoea. Sasa amefundishwa kuvuta pumzi, kuongeza nyingine juu yake, na nyingine tena, mpaka kifua kijae. Fausta anadhani zinasafisha mapafu. Zinanijibu mimi! Juzi nilimwambia uji haujazidi chumvi. Akavuta, akaongeza, akaongeza, nami nimesimama na mwiko nasubiri hukumu. "Mama Naomi, chumvi hii ungewapa ng'ombe wangekushukuru, lakini mimi ni mumeo!" Yote hayo kwa pumzi moja.

2. Puto. Alipasua moja wakati jirani yetu mzee Samweli anaombea chakula. Mzee aliingia chini ya meza, na "Amina" akaisemea huko huko.

3. Ng'ombe. Jumamosi alijaribu mluzi wake wa zamani. Ng'ombe wetu walikuwa mtoni na shemeji Maduhu. Wakaacha maji, wakaja mbio, wakapita katikati ya kamba ya nguo, na mmoja akafika uani amevaa gauni langu la kanisani. Wakamzunguka Ngolo wakimlamba mikono. Ngolo akalia. Mimi pia nililia, ila mimi nilikuwa nalilia gauni.

4. Kwaya. Amerudi kuimba besi, na anavuta sauti mpaka mwalimu anasahau kushusha mkono. Wenzake wenye miguu yao wanaishiwa pumzi kabla yake. Jumapili kwaya nzima ilihamia kwangu kupuliza mapovu. Wamemaliza mirija, wamemaliza na sukari.

Kwa hiyo naomba Fausta ampunguzie kidogo. Abakiziwe pumzi ya kuishi, ya kusali, na ya kusema "asante, mke wangu." Inatosha.

Wasalimie wote hapo, hasa mlinzi wa getini aliyetusaidia kusukuma kiti kwenye mchanga.

Wako mwenye masikio yaliyochoka,
Scolastica Bundala

Tanbihi: Nimemsomea Ngolo barua hii, nisije nikaambiwa namsengenya. Sikufika hata mwisho. Alicheka mpaka akakohoa, na kohozi likatoka lenyewe, mikono yangu yote miwili ikiwa imeshika karatasi. Haijawahi kutokea tangu aumie. Tulitazamana. Basi, Fausta aje Jumatatu kama kawaida, na Alhamisi pia akipata nafasi. Mkithubutu kumhamisha nitaandika barua nyingine, na hiyo haitakuwa na shikamoo.