Dhahabu ya Kipimo cha Malaria

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mwanaesha mjukuu wangu, andika nisemavyo, wala usinitengeneze maneno. Ijumaa kuna harusi. Jirani Mwanakuu atavaa kipini kipya cha dhahabu. Changu kilinitoka puani Marikiti, nikichagua bilingani. Bilingani zenyewe zilikuwa mbovu.

Leo homa kidogo. Zahanati, muuguzi Jacinta kanidunga kidole, katia tone la damu kwenye kipimo cha malaria. Mstari mmoja mwekundu: salama. Ingalikuwa miwili, malaria. Nikamuuliza rangi ile ni ya nini. Ati dhahabu! Imesagwa ndogo hata mwangaza ukiipiga yaonekana nyekundu. Kisha akataka kuitupa! Nikakiomba kipimo nikakifunga lesoni.

Jumanne, 6 Mei
Zahanati mbili nyingine. Ya kwanza nimejitetemesha. Ya pili nimekaa juani kwanza, paji lipate moto. Mstari mmoja mmoja. Sasa n'navyo vitatu. Mwanakuu kanikuta njiani natetemeka, kauliza nina nini. Nimemwambia baridi. Saa saba mchana!

Jumatano, 7 Mei
Nimempelekea sonara. Kacheka hata miwani ikamwanguka. "Bibi, dhahabu imo, lakini ukikusanya vya Mombasa nzima hutapata kipini cha sisimizi." Yuwanidanganya. Avitaka mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei
Kwa Jacinta tena. Meno yanagongana, na leo siigizi, mifupa yote yauma. Hakuniamini. Zahanati zimeshaambiana. Nikamkumbuka dada yangu, alitutoka kwa homa ya siku nne tukidhani mafua. Nikamshika mkono. "Mwanangu, leo ni kweli."

Kanitazama, kapima. Mistari miwili. Nikafurahi: dhahabu maradufu! Hata nikaona uso wa Jacinta.

"Mama, umewahi. Kesho kutwa ningekuwa nakutafutia kitanda."

Kipimo kakitupa. Sikukiomba.

Jumapili, 11 Mei
Alhamdulillahi, homa imeshuka. Jasho limetoka, uji umepita, nimelala kama mtoto mchanga. Harusi imenipita, na wala sikujali. Mwanakuu kaja kuniona, kaniletea mahamri. Kipini chake kizuri, nimemwambia. Masikini, mafuta ya mahamri yangu yamemchoma mkono. Jacinta kamfunga bendeji ya dawa, ati ndani mna fedha, ile ya bangili, yazuia kidonda kisioze.

Fedha.

Mwanaesha, usifunge daftari. Kesho asubuhi twaenda kumpa pole. Chukua mkasi.