Akili ya Kofi Iko Chini ya Meza ya Mkurugenzi

Ofisi ya Vibali vya Vibanda, Kumasi, haijawahi kumwambia mwananchi "njoo kesho". Hayo aliyatangaza Mkurugenzi Nsiah Dankwa mwenyewe, mbele ya Waziri na mama mzazi wa Waziri, bibi kizee aliyekaa mstari wa mbele akijipepea. Makofi yakapigwa. Waliofuatilia vibali tangu Pasaka walipiga kwa nguvu zaidi. Walidhani amemaliza kuhutubia.

Aliyezinduliwa ni Kofi, roboti wa kaunta. Walikuwa wamewashwa watatu kwa majaribio, katika miji ya Kumasi, Tamale na Ho, siku ya Ijumaa, na kwa kuwa Ghana mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa huitwa Kofi, wote wakawa Kofi. Kichwani hawana kitu. Kama maofisa wengi, akili yao iko makao makuu. Huko kuna kompyuta kubwa, zinaitwa wingu, zinazofikiri kwa niaba yao. Ila wingu liko mbali na mwananchi ana haraka, ndiyo maana ukaongezwa ukungu: kisanduku cha hapohapo ofisini, kinachosikiliza kazi inavyofanywa, kikamjibu Kofi fasta, kisha kikapeleka somo winguni ili akina Kofi wote waerevuke kwa mpigo.

"Tukiweke kaunta, bosi," alikuwa ameshauri Dzifa, fundi wa mitambo. "Kazi iko kule."

"Yaani karani aelimishe taifa kabla yangu? Itifaki iko wapi, dada? Kiwekwe chini ya meza yangu."

"Lakini bosi, wewe..."

"Mimi nini?"

"Basi, bosi."

Kikakaa chini ya meza miezi miwili, kikaelimika. Dankwa naye akawa anaota kiti cha Mkurugenzi Mkuu kule Accra. Waziri alishaahidi: Kofi akifanya vizuri leo, kiti ni chako.

Hotuba ilipokwisha, Waziri akasogea kaunta. "Kofi, nataka kibali cha kibanda cha kuuza waakye, ule wali wa maharage."

Kofi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, taratibu. "Mkubwa hayupo. Njoo Jumatatu."

"Nipo, Kofi! Mimi huyu!" Dankwa akapunga mikono yote miwili.

"Hata mkimwona, hayupo. Ndivyo alivyonifundisha. Yuko mazishini."

Simu ya Dzifa ikalia. Akasikiliza, akakohoa. "Bosi, ni Tamale. Kofi wao anasema mkubwa wa kule naye yuko mazishini. Mazishi hayohayo. Na Ho pia."

"Mazishi ya nani?" Waziri akauliza.

"Ya mama mzazi wa Waziri," akasema Kofi.

Pepeo la bibi likasimama. Ieleweke kwamba Mkurugenzi alikuwa ameshawazika ndugu zake wote, baadhi mara mbili, na kwa marehemu mwenye hadhi hii hakuna mwananchi angethubutu kuuliza maswali. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala tu.

"Dankwa mwanangu," bibi akaita, "kumbe nilikufa?"

"Hapana, Maame! Ni mtambo, Maame. Bado mgeni."

"Nilizikwa lini?"

"Kila Ijumaa, Maame," Kofi akajibu kwa adabu.

"Na huyu alivaa nini?"

"Nguo nyeusi na nyeupe, Maame, kwa heshima ya umri wako," Dankwa akadakia, kisha akaufunga mdomo kwa mkono, kwa kuchelewa.

Bibi akamgeukia mwanawe, kisha akamrudia Mkurugenzi, akaanza tena kujipepea.

"Basi nenda kazivae," akasema. "Leo kuna mtu tunamzika."