Mashini ya Mama Hawa na Bluzi za Tarehe Nane

Alhamisi, tarehe 29, mwezi wa pili

Leo nimeanza shule. Shule yangu mwenyewe, humu nyumbani, mtaani Kasulo. Mwalimu ni mimi, mwanafunzi ni mimi, kengele ni mwanangu Zaka akilia.

Ilianzia redioni. Mama mmoja alisema mtu asingoje darasa, kazi ya kila siku ndiyo darasa. Ukipika, jifunze. Ukifua, jifunze. Nilikuwa ninasonga bukari. Nikaacha mwiko humo humo nikasikiliza mpaka mwisho. Bukari ikaungua. Hilo nalo ni funzo, ila bado sijajua la nini.

Sababu ni mashini. Mama mkwe wangu, mama Hawa, macho yake yamechoka. Mashini yake ya kushona ameiweka kwangu, lakini hajanipa. Amesema atanitazama mpaka tarehe nane ya mwezi wa tatu, sikukuu ya wanawake. Nikijua kushona, ni yangu. Nisipojua, anamuuzia Princesse, jirani yetu, aliyefundishwa na masista na kupewa karatasi. Karatasi hiyo ameitia kwenye fremu ukutani, kama picha ya harusi.

Ninaitaka ile mashini kuliko sukari. Nilikuwa ninauza ndizi kando ya barabara ya malori, Zaka mgongoni. Kiangazi kilichopita vumbi lilimwingia kifuani. Alikohoa mpaka sauti ikamwisha, mtoto mdogo vile. Sasa ni mvua, lakini kiangazi hakisahau njia. Mimi nishone nyumbani, yeye alale karibu. Basi.

Tena kwa Princesse sakafu haiaminiki. Chini kuna shimo la kobalti alilochimba baba mkwe wake, limefunikwa kwa mbao. Mashini nzito namna ile! Ninaihurumia.

Ijumaa, tarehe 1, mwezi wa tatu

Somo la kwanza. Redio ilisema: ukitaka kujua kitu, kifungue.

Nimefungua shati la Swedi, mume wangu. Lile la msikitini. Mwenyewe yuko Dilolo na lori lake, hatasikia. Nimekata uzi kwa wembe, pole pole, kipande kwa kipande, nikavitandaza kitandani. Nimeelewa yote! Mkono wa shati si bomba. Juu una kilima, na kilima ndicho kinaingia begani. Nani alijua? Nimemwonyesha Zaka. Amekitia kilima mdomoni.

Kufunga tena ndiko kumenishinda. Mkono mmoja sasa unaelekea mbele, mwingine unaelekea nyuma, kama watu waliogombana. Nimelikunja vizuri, mkono ule mzuri juu.

Princesse amepita mlangoni. Kwa upole wake wa sumu ameniuliza kama nimeanza kushona matambara ya kupangusia meza. Nimemjibu kwamba ni modeli. Sijui modeli ya nini. Neno lilitoka lenyewe.

Jumamosi, tarehe 2

Leo somo nje. Nimekwenda kwa tata Kalonji, fundi wa sokoni, na sketi yangu yenye zipu mbovu. Nimekaa kwenye benchi nikisema ninangoja zamu. Zamu ilipofika nilimwachia mtu mwingine. Ilipofika tena nikaachia tena. Macho yangu yalikuwa mikononi mwake.

Mwishowe tata Kalonji akaniambia, bila kuinua kichwa: "Mama Zaka, hii sketi yako iko na ugonjwa gani? Tangu asubuhi inangoja munganga, na munganga njo mi hapa."

Wote wakacheka. Nikakiri kwamba ninajifunza. Sikufukuzwa. Alisema nitazame bure, kutazama hakumalizi uzi. Halafu akanipa neno ambalo nimelibeba nyumbani kama yai: "Upime mutu vile eko. Usipime vile anasema eko. Banamuke banapenda kuvuta tumbo ndani."

Upime mtu vile alivyo! Masista hawakumfundisha Princesse neno kama hili. Nimelirudia njia nzima. Mguu wangu hautulii. Ninataka mtu wa kupima, hata sasa hivi.

Jumatatu, tarehe 4

Mungu ni mkubwa. Mama Josée amekuja, rais wa wanawake wa soko. Vitenge vya tarehe nane vimechelewa. Tata Kalonji amekataa, kazi imemfika shingoni. Princesse amejaa mpaka mlangoni. Kumebaki wanawake kumi na wawili hawana fundi. Aliuliza kama ninaweza. Nilisema ndiyo kabla hajafika mwisho wa swali.

Aliuliza kama nimeshona bluzi kabla ya leo. Nilisema nimezifungua nyingi. Nyingi ni moja, na ilikuwa shati.

Mchana wamekuja wote pamoja, wametoka sokoni, wana haraka, watoto migongoni. Mama Josée mwenyewe na mjukuu wake. Metre sina, nimepima kwa kamba, fundo kwa kila mtu. Mignonne, muuza samaki, akataka kumshusha mtoto wake. Nikamkatalia. Nilisema kwangu mtu anapimwa vile alivyo. Wakatazamana. Mama Josée akasema huyu fundi eko na mukazo. Nimeona fahari mpaka masikio yakapata moto.

Mmoja tu alikuja mikono mitupu, Tshiela, muuza vocha, hajazaa bado. Yeye kamba ilimzunguka ikabaki ndefu. Kazi ndogo.

Jumatano, tarehe 6

Ninashona. Zaka analala chini ya meza. Mashini ikilia, analala. Ikinyamaza, anaamka. Basi uzi ukikatika ninaendelea kuzungusha bila uzi, mpaka ashike usingizi. Nimeshona nusu ya mkono wa mama Josée bila uzi. Nimerudia.

Lakini ninajifunza! Mstari wangu wa leo si ule wa jana. Nikichambua majani ya sombe ninafikiri kola. Nikimwogesha Zaka ninamtazama bega, kilima kile kile. Redio ilisema kweli.

Jambo moja linanisumbua. Sikujua wanawake wa soko letu ni wapana namna hii. Bluzi ya Mignonne imefunika meza na kiti. Ukimwona njiani ni mwembamba, kumbe. Ni magunia, nafikiri. Magunia yanapanua mgongo. Nimemwonea huruma.

Swedi amepiga simu toka njiani. Ameuliza kama shati lake la Ijumaa limepigwa pasi. Nimesema limekunjwa vizuri sana. Si uongo.

Alhamisi, tarehe 7

Nimemaliza! Jioni, kabla ya magharibi. Kumi na mbili zote, zimepangwa kitandani kama mlima.

Mama Hawa amekuja kuzigusa. Macho hayaoni vizuri lakini vidole vyake vinaona. Amepitisha kidole kwenye mshono, akasema mstari umenyooka. Mama Hawa hasifu mtu. Nilitaka kuruka. Halafu akainua bluzi moja kwa mikono miwili, akaifungua, ikazidi kufunguka. Akauliza kama ni ya mwanamume wa mgodi. Nikasema ni ya Mignonne. Akairudisha kitandani pole pole. Alishangazwa na kazi yangu, nafikiri.

Kesho atakuja kwenye gwaride kutazama. Princesse naye atakuwa hapo na za kwake. Siwezi kukaa. Nimefagia uwanja tena na tena.

Ijumaa, tarehe 8

Ngoja niandike kabla Zaka hajaamka.

Asubuhi nimegawa bluzi. Kila fundi anagawa asubuhi ya sikukuu, hakuna nafasi ya kujaribu. Swedi alikuwa amefika na usingizi machoni, akavaa shati gizani. Alipoinua mikono kuomba dua, mmoja ulipanda, mwingine ukabaki unatazama ukuta. Alinitazama tu. Nitaongea naye siku nyingine.

Kwenye gwaride nikawaona wanawake wangu wanatoka nyuma ya wale wa Princesse. Za Princesse zimeshika kiuno kama zimepakwa. Za kwangu, upepo umeingia. Mignonne alikuwa kama hema. Mama Josée ameshika kitambaa kwa mikono miwili ili asiruke. Walikuwa wamewaacha watoto kwa bibi zao pembeni ya barabara ili watembee vizuri. Tshiela peke yake alipendeza. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama ndani ya kila bluzi kuna nafasi ya mpangaji.

Mama Hawa akanishika mkono. Akaniuliza pole pole nilipima namna gani. Nikamweleza: vile walivyo. Wamesimama, wametoka sokoni, watoto migongoni.

"Na batoto mugongoni?"

Ndiyo, mama, nikasema. Na nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu, nikalielewa. Niliona mashini inavuka njia kwenda kwa Princesse, kwenye mbao zile. Niliona ndizi. Niliona vumbi. Nikamkumbatia Zaka, nikaficha uso wangu shingoni kwake.

Hapo ikaja mvua. Si ya kuuliza, ile ya mwezi wa tatu, ndoo juu ya ndoo. Bibi wakapiga kelele, mama wakakimbilia watoto wao. Na Mignonne, sijui alifikiri nini, akamweka wake mgongoni, ndani ya bluzi, akafunga vifungo. Mtoto akaenea humo sawasawa. Kichwa tu kikatoka kwenye kola, kando ya kichwa cha mama yake. Mama Josée akamtia mjukuu. Wote wakatia, ila Tshiela. Wakaendelea kutembea mbele ya wakubwa, vichwa viwili kwa kila bluzi, wakiimba, watoto wakavu. Watoto wa kundi la Princesse walilowa mpaka mifupa. Hata Princesse mwenyewe alilowa, kola ikamshika shingo. Watu walipiga makofi kuliko walivyopiga kwa mtu yeyote.

Mama Hawa alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na kitenge chake kipya. Halafu akaacha kucheka.

"Bilkisi, mutoto wangu. Mushono wako ni muzuri. Kichwa yako njo inakimbia mbele ya kamba. Mashini itabaki kwako. Lakini kila asubuhi utaenda kukaa pembeni ya Princesse, umutazame. Na mutu akikuja kupima, kwanza umuulize: ukivala hii nguo, utakuwa namna gani?"

Nimeapa. Nimeapa kwa Zaka.

Jumamosi, tarehe 9

Asubuhi nimekwenda kwa Princesse, kama nilivyoapa. Amenipa karatasi na sindano isiyo na uzi, nitoboe mistari iliyonyooka. Wiki nzima! Halafu ndipo kitambaa. Wanawake wangu kumi walikuwa kwenye foleni yake, wamekuja kupunguza bluzi. Alifurahi bila haya. Mignonne amekataa kupunguza yake. Amesema mtoto amelala humo usiku kucha. Basi ni modeli. Nilisema tangu mwanzo ni modeli.

Nimetoboa mstari mmoja nikakumbuka nimeacha sufuria motoni. Sikuwa nimeacha. Lakini ningeweza kuacha.

Na Mungu hamtupi mtu. Mlangoni nimemkuta Mansour, jamaa ya Swedi, yule wa pikipiki ya abiria. Anataka kanzu ya Idi. Mafundi wote watajaa Ramadhani ikianza, na amesikia habari zangu. Nimekubali hapo hapo. Zaka alikuwa anacheka mgongoni kwangu, hakuna kikohozi, mashini inang'aa ndani. Ningekataaje?

Alikuwa na haraka, hakushuka kwenye pikipiki, injini inaunguruma, mteja amekaa nyuma yake. Huyo mteja nimemshusha kwanza. Ndiyo, nimejifunza. Nimetazama mgongo wa Mansour vizuri, juu na chini. Hakuna mtoto, hakuna mzigo. Hapo ndipo nikapima vile alivyo, kutoka begani mpaka pale anapoishia, kwenye kiti cha pikipiki.

Kanzu imetoka fupi kuliko nilivyofikiri. Vizuri. Kitambaa kitabaki, nitamshonea Zaka kofia.