Malalamiko Juu ya Sisimizi Wasiogusa Asali

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Nyumba na Jiko.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote hapo ofisini, ukimwondoa aliyeandika makala ya Jumamosi iliyopita, "Wajue Sisimizi wa Nyumbani Kwako". Huyo namtakia mafua, yasiwe makali sana.

Mimi ni fundi saa, mtu mtulivu, msomaji wenu wa miaka mingi. Miezi minne iliyopita daktari alinipiga marufuku sukari, asali na kila kitu kinachomfanya mtu aamke asubuhi. Mke wangu alilia siku ile. Kisha akafuta machozi na kuihamishia asali ya watoto rafu ya juu kabisa. Tangu hapo asali imekuwa ikipungua, nami nimekuwa nikieleza kwa upole kwamba ni sisimizi. Tuliishi kwa amani mpaka mlipochapisha makala yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmewafundisha watu kutofautisha sisimizi. Zamani sisimizi alikuwa sisimizi, basi. Sasa mke wangu amechukua kioo changu cha kukuzia, kile ninachotazamia vigurudumu vya saa, anapiga magoti jikoni na gazeti lenu mkononi, anakagua viuno na vipapasio. Saa ya mwalimu mkuu iko mezani kwangu siku ya tatu, imefunguliwa tumbo, sina cha kuitazamia. Na mke wangu amehitimisha kwamba wa kwetu ni wale wadogo wa kahawia ambao, kwa maneno yenu, "hupenda mafuta na mabaki ya nyama, asali hawaigusi". Mliwauliza?

2. Daktari aliagiza ninywe chai chungu. Nimetekeleza: chai yangu haijawahi kukosa chungu wawili watatu wanaoelea. Kama alikusudia ladha na si wadudu, angefafanua. Mke wangu aliposoma kwenu kwamba sisimizi wengine huitwa pia chungu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

3. Mmeandika kwamba mchwa si sisimizi, hana kiuno, na hula mbao na karatasi. Nilikuwa nimeshasema nyumbani kwamba pakiti ya biskuti ililiwa na mchwa. Nimeulizwa ni mchwa gani hao waliokula biskuti wakaacha karatasi. Nimeambiwa pia kwamba asiye na kiuno nyumba hii anajulikana.

4. Nilipovimba mdomo kwa kulamba sega lenye nyuki, nilisema nimeumwa na sungusungu. Ninyi mmeandika kwamba sungusungu hupita sakafuni na kuuma miguu. Sasa natakiwa nieleze mdomo wangu ulikuwa unafanya nini sakafuni.

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho kwamba sisimizi wa kahawia hula asali, tena kwa kijiko. Pili, makala yoyote ijayo kuhusu chakula cha wadudu ipitiwe kwanza na kamati ya waume. Tatu, kama masahihisho hayawezekani, mnitumie kwa posta sisimizi weusi wa sukari, hata hamsini tu, kwenye bahasha yenye matundu. Nitawalea mwenyewe.

Ndugu Mhariri, sikuandikii kwa ajili ya asali. Mke wangu hanigombezi tena. Ananitazama kama mteja anavyoitazama saa aliyoambiwa imepona. Ananishuku, na hilo linaniuma kuliko sungusungu wote mliowaorodhesha. Nataka aniamini, basi.

Nisalimie wapiga chapa, mfagizi wa ofisi, na yule aliyechora picha za wadudu, maana miguu yote sita imetoka vizuri.

Wako anayesingiziwa,
Fundi Saa

Nyongeza: Niliiacha barua hii mezani wino ukauke, nikaenda kunawa mikono. Kurudi, nikawakuta sisimizi wa kahawia, wale wale wenu wasiogusa asali, wamejipanga juu ya ukurasa huu wanakula. Uongo wenu umefichuka! Nilimwita mke wangu kwa sauti aje na kioo ashuhudie mwenyewe. Alikuja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Amekubali kwamba ni kweli, wanalamba asali. Kisha akaniomba kidole gumba changu, akakilinganisha na alama waliyokuwa wameizunguka.

Alikwenda kuchemsha maji, akaleta vikombe viwili vya chai bila sukari, changu na chake, akasema kuanzia leo tutakunywa hivi wote wawili. Nimeionja. Ni chungu kwelikweli, na hakuna aliyeelea ndani. Kioo amenirudishia. Tafadhali barua hii msiichapishe, na wale hamsini msiwatume.