Vita Dhidi ya Bangili ya Sumaku

Jumatatu, 12 Mei

Dada Benedikta ameacha dawa za presha. Nimegundua leo sokoni Mchikichini, kwenye meza yake ya viatu vya mtumba. Mkononi ana bangili ya sumaku. Anasema inavuta damu ikae sawa. Nikamuuliza inaivuta kuipeleka wapi. Akasema, "Zakayo mdogo wangu, umefundisha fizikia miaka yote hiyo, na presha yako inapanda ukimwona muuza ndizi." Meza zote za jirani zikacheka.

Mimi sikucheka. Mama alianguka hivihivi kwa presha, Masasi, akiwa anaanika mihogo. Hakuamka.

Nyumbani nimeandika moja kwa moja kwenye blogu yangu, Sayansi Bila Huruma. Nimeanza na Wagiriki wa kale na jiwe la sumaku, kama inavyostahili. Nimemtumia Dada kiungo. Amejibu kwa picha ya dole gumba.

Na Pinal? Pinal, mfamasia wa Mchafukoge, binti wa mzee Mansukhlal, leo ametoa video ya dakika moja akieleza kwa nini kitunguu kinaliza. Maelfu wameipenda. Kitunguu. Nchi imekwisha.

Jumatano, 14 Mei

Dada hajasoma. Anasema alifika kwa Wagiriki, bando likakata.

Nimetembea Mtaa wa Kongo kupunguza hasira, na jibu likanijia kwa kelele. Kariakoo hakuna anayesoma. Wote wanasikiliza. Soksi, chaja, dawa ya kunguni, vyote vinauzwa na vipaza sauti vinavyorudia maneno yaleyale toka asubuhi mpaka watu wanayaota. Kipaza kikiweza kuuza dawa ya panya, kitashindwaje kuuza ukweli?

Shomari, muuza dawa ya panya, ana kipaza cha akiba. Meza yake inatazamana na ya Athanas, yule aliyemuuzia Dada bangili. Jemadari asingechagua uwanja bora. Shomari akaniasa, "Ila Mwalimu, sema kifupi. Watu wanapita hapa, hawajaja darasani." Nikamwambia hoja si pipi.

Nimerekodi chumbani, madirisha nimefunga, jasho linanitoka. Mimi si mhuni wa mjadala. Kwanza naeleza madai ya mpinzani kwa haki, vizuri kuliko anavyoyaeleza mwenyewe. Kisha ndipo namchinja.

Ijumaa, 16 Mei

Nimewasha kipaza saa mbili asubuhi, nikaenda Mchafukoge kunywa chai mkabala na duka la dawa la Pinal. Nilitaka niwe karibu habari zitakapomfikia. Hazikumfikia. Aliuza dawa za kikohozi asubuhi nzima, akicheka na wateja.

Nikarudi saa sita. Umati. Nikavuta hatua. Kisha nikaona umati umenipa mgongo, uko mezani kwa Athanas, na mikono imenyooshwa.

Kile kipaza kinashika dakika moja tu ya maneno. Ikiisha, kinarudi mwanzo. Na dakika yangu ya kwanza ndiyo ile ya haki kwa mpinzani. Kwa hiyo toka saa mbili Kariakoo nzima imesikia sauti yangu, nzito, ya mwalimu, ikitangaza kwamba bangili ya sumaku hushusha presha, husafisha mishipa na kurudisha usingizi. Kuchinja kulikuwa dakika ya tatu.

Athanas amenishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, una sauti ya redio. Nami nilikuwa nakuogopa bure." Akanipa bangili ya mume na ya mke. Mke sina. Aliondoka katikati ya mjadala.

Shomari anaapa alidhani Athanas amenilipa.

Jioni Dada amepiga simu. Wateja wake walinisikia. Anamshukuru Mungu kwamba hatimaye nimeacha ubishi. Amenunua bangili ya mkono wa pili.

Alhamisi, 22 Mei

Kumbe Jumamosi Dada alishikwa na kizunguzungu akiwa anapanga viatu. Hakunipigia mimi. Alikwenda kwa Pinal kununua dawa ya kichwa. Pinal akampima presha, akamvutia kiti. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini ameacha vidonge.

Jibu: vinamkojolesha. Choo cha sokoni kiko mbali, na akirudi anakuta pea zimepungua mezani.

Pinal akamwambia ameze alfajiri, akiwa bado nyumbani, mpaka atoke haja ndogo itakuwa imekwisha. Na bangili? Avae tu. Kila asubuhi akizivaa, ameze na kidonge, asisahau. Dada amefuata. Leo amepimwa tena, presha imeanza kushuka.

Mazungumzo ya choo. Hayo ndiyo wanayoita elimu kwa umma.

Lakini nilifurahi. Naandika hili kwa uaminifu. Nilifurahi mpaka Dada alipomalizia sentensi yake: imeshuka kwa kuwa bangili sasa ziko mbili.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemfuata Pinal dukani. Akaniamkia shikamoo kwa adabu, jambo lililonichelewesha kugomba. Nikamuuliza kama anajua kwamba sumaku ile haifanyi lolote. Anajua. Mbona hakusema? "Mwalimu, nimeanza na kidonge. Bangili tutaifikia." Lini? Akasema hajui, inategemea mama mwenyewe. Mfamasia mzima, hajui lini ataacha kudanganya.

Kisha akashusha sauti. Akaniomba nimwache Dada kwanza, azoee dawa, nisimchanganye. Nikamjibu kwamba ukweli haupangi foleni. Mzee mmoja nyuma yangu akasema yeye amepanga, ana mafua, na kama nimemaliza nisogee.

Nimesogea. Nimekwenda nyumbani, nimeandika "Mfamasia wa Sumaku". Ni makala yangu bora kuliko zote. Wagiriki nimewatoa. Hoja ni moja, imenyooka: kidonge na bangili ni imani mbili zinazopingana, na anayetumia vyote viwili anajidanganya mara mbili. Mtu mzima huchagua kimoja akasimama nacho.

Ili bando lisiwe kisingizio, nimeichapisha steshenari kwa herufi kubwa na kumpelekea Dada mkononi. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia asome.

Jumatatu, 26 Mei

Dada amejibu. Si dole gumba safari hii, ni ujumbe mrefu. Nanakili hapa:

"Mdogo wangu, nimesoma yote, nikarudia na miwani. Umesema kweli, nilikuwa najidanganya huku na huku. Mtu mzima achague kimoja asimame nacho. Nimechagua. Vidonge nimemrudishia Pinal jana, bangili zimebaki. Kichwa kinauma kidogo lakini moyo umetulia. Asante kwa kunifungua macho."

Nimekaa na ujumbe huu asubuhi yote. Uchaguzi wenyewe ni mbaya, sikatai, na lawama ni ya Pinal, aliyezibembeleza bangili zile wiki nzima. Nimemjibu Dada kwa aya tatu kumwonyesha kwamba nilikusudia achague upande wa pili. Hajazifungua bado.

Lakini tuwe wakweli. Hoja ameifuata hatua kwa hatua. Amenukuu karibu neno kwa neno. Tangu nianze blogu hii, huyu ndiye mtu wa kwanza kunisoma mpaka mwisho.

Pinal anapiga simu toka saa nne. Sasa hivi tena. Sipokei. Kama ana la kusema, aandike.