Mifuko Sitini ya Banio

Castory alikuwa ameinua kikombe cha chai, katika mgahawa mmoja wa Kimisagara, Kigali, aliposikia mwanamke wa meza ya jirani akimlalamikia mwenzake. Banio lao, alisema, lile linaloziba mto na kuugeuza uingie mferejini, limezeeka na kupasuka. Maji yanapenya kwenye nyufa na kwenda zake, mpunga unakauka huku mto umejaa. Mfadhili amekubali kulitengeneza, ila wakulima wachangie kwanza saruji ya kuanzia. Wakulima hawana.

Mtu mwema angesikitika. Castory alirudisha kikombe mezani na kuona ukuta.

Ukuta wenyewe haukuwepo, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Nyumba yake ya Kinyinya ilikuwa imekwisha hadi mapazia, lakini nyuma yake kilima kilisimama wima, bila kuzuiwa na chochote isipokuwa rehema. Sekta, yaani serikali ya mtaa, ilimkataza kuhamia mpaka ajenge ukuta wa kuzuia udongo, na chumba alichopanga alitakiwa akiache mwisho wa mwezi. "Nina nyumba ambayo mimi mwenyewe ni mgeni wake," alipenda kusema. Alikuwa na tabia ya kujicheka mapema, ili wengine wakose kazi.

Akahamisha kiti. "Samahani, mama. Mimi ni injinia wa mabanio."

Alikuwa karani aliyeachishwa kazi Bukoba. Lakini yule mwanamke, Xavérine, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa mpunga, alikuwa ametafuta injinia muda mrefu, na kesho yake akampeleka bondeni akapige picha za nyufa.

"Sasa simenti, nani anatupatia, Injinia?"

"Kamau wa Gatsata. Yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi."

Lilikuwa jina la kweli. Mjanja aliyepevuka hasemi kweli bila sababu, na baadaye Castory aliuita huo uzembe wa kitaaluma.

Kamau alikuwa Mkenya aliyeamini kwamba hasara ni kitu kinachowapata watu wengine. Alizitazama picha bila huruma yoyote.

"Nikupee mifuko sitini bure, mimi napata nini?"

"Jina, bwana Kamau."

"Jina niko nalo."

"Mfadhili akija atauliza nani alikuwa wa kwanza kuwasaidia wakulima. Huyo ndiye atakayemuuzia mifuko elfu mbili."

Kamau akakuna kidevu. "Na hizo elfu mbili zitakaguliwa na nani?"

Castory akainama karibu. Sentensi iliyofuata aliipenda sana siku ile. "Ndugu yangu, simenti ikishaingia mtoni, nani atapiga mbizi aende kuikagua?"

Kamau akakubali, akatoa na lori. Hakuuliza kwa nini ghala la banio alilotajiwa liko Kinyinya, mlimani. Mtu makini angeshtuka. Castory alijipongeza.

Fundi wake, Munyakazi, aligonga mfuko wa kwanza kwa mwiko, ukalia kama mlango.

"Bosi, mifuko iko mawe hii. Nijenge na mifuko yenyewe?"

"Ponda, Munyakazi. Nani injinia hapa?"

Ukuta ulisimama mpaka mvua kubwa ya kwanza. Kisha kilima kiliingia sebuleni bila kubisha hodi. Mapazia yalisalimika. Castory alisimama kwenye tope, akacheka kwanza, kama ilivyo desturi yake, halafu akaenda Gatsata kudai saruji nyingine.

"Umeniangamiza!" alimwambia Kamau dukani. "Mvua moja tu, banio chini! Wakulima wanakutafuta kwa majembe."

Wateja waligeuka. Kamau akamvuta pembeni. "Punguza sauti, bro. Si ni wewe ulisema hakuna mtu atapiga mbizi? Nikaona ile iliingia unyevu ndio inafaa mto."

"Ulinipa simenti mbovu?"

"Nilipea mto simenti mbovu. Wewe inakuuma wapi?"

Lilikuwa swali zuri, na Castory hakuwa na mahali pa kulijibia isipokuwa sebuleni kwake.

"Nipe sitini nzima, niwatulize," alisema. "Wamekasirika vibaya sana."

Hapo wakulima wakaingia.

Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Xavérine alibeba agaseke, kikapu cha mfuniko mrefu, kimejaa mchele. Kwao mtu haahidiwi kitu akakaa kimya; humwendea mtoaji kumshukuru.

"Muraho, patron Kamau! Tunakuja kusema asante. Simenti haijafika, lakini roho yako imefika."

Wateja wakapiga makofi.

"Haijafika?" Kamau alimgeukia Castory. "Lori yangu ilishusha Kinyinya!"

"Kinyinya?" akauliza mteja mmoja. "Si kwa huyu bwana, ukuta ulioanguka jana?"

Kamau angeweza kupiga kelele za mwizi, lakini angelazimika kueleza kwa nini ukuta ulianguka. Castory naye angeweza kulalamika, lakini angelazimika kueleza ukuta ni wa nani. Walitazamana kama watu wawili walioshika nyoka mmoja, huyu kichwa, huyu mkia. Castory akatazama mlango. Ulikuwa umejaa wakulima.

Xavérine aliweka kikapu juu ya kaunta, taratibu.

"Ile ya kuanguka, tumesamehe. Ile nzuri tunapakia leo. Lori iko?"

Wateja walisubiri kujua duka hili huuza saruji ya aina gani. Kamau akaita wapakizi, akapasua hata mfuko mmoja mbele yao, waone unga ulivyo laini.

"Na Injinia," Xavérine akaongeza, "Jumamosi ni umuganda. Anabeba mawe na sisi. Akikosa, tunapita kwa sekta kumuulizia."

Jumamosi, kwenye hiyo kazi ya pamoja ya kila mwezi, Castory alikuwa mtoni, maji kiunoni, akipokezana mawe na watu waliomwita Injinia bila kucheka. Virago vyake vilikuwa kwa Munyakazi, chini ya kitanda. "Hatimaye nimejenga ukuta," alimwambia aliye jirani yake, "ila wa watu."

Xavérine alimsogezea jiwe kutoka ukingoni.

"Nimefikiri sana, Injinia. Ungekuwa mwaminifu, ungetuletea ile mbovu."

"Yote, mama. Mifuko sitini."

"Na mvua ingebeba banio pamoja na mpunga." Akatikisa kichwa. "Basi asante kwa kutuibia."

Castory alitafuta la kusema, akalipata.

"Karibu tena, mama," akajibu, akanyoosha mikono kupokea jiwe.