Bei ya Leo ya Mbao za Theluji

Hapana, hakuibiwa. Anayesema Kiumars aliibiwa hamjui Kiumars, wala huyo mama hamjui. Mwizi anachukua wakati hutazami. Kiumars alikuwa anatazama, tena kwa macho mawili na miwani juu yake.

Tulia nikueleze. Pale Tehran, Monirieh, ndiko wanakouza vitu vya michezo: mipira, glovu za ngumi, na wakati wa baridi skii, zile mbao ndefu watu wanajifunga miguuni wakateleza kwenye theluji. Kiumars alikuwa na duka dogo, ulimi mrefu, na gundi. Gundi ndiyo ilikuwa mtaji. Anachukua mbao kuukuu, anazipiga rangi, anabandika nembo ya Ulaya, basi, ukizishika tu ushazipenda. Ukisitasita, anatazama simu, anatikisa kichwa: "Dola imepanda tena. Kunywa chai yako taratibu, agha, bwana wangu, ila ukimaliza bei itakuwa nyingine." Watu wameungua midomo mle ndani kwa kuiwahi bei.

Lakini alichojivunia si pesa, ni jina. Pale Monirieh mjanja akichezewa mara moja tu, wenzake wanampa jina la kuzikwa nalo. Parviz aliuziwa baiskeli haina mnyororo, mpaka leo mwanawe akienda kuposa anaulizwa, "We si wa Mnyororo?" Na aliyembatiza ni Kiumars. Kwa hiyo alijua siku yake ikifika hakuna wa kumhurumia.

Sasa Jumatatu moja akaingia mama mnene, kajifunika chador kama buibui, viatu vina matope. Pourandokht jina lake. Kiumars alipomwona mlangoni tu, roho ikamcheka.

"Mwanangu, una Grauhorn?"

"Ya Austria?"

"Kwani kuna nyingine? Naoza binti, ni zawadi ya mkwe, na watu wa kwao hawataki nembo nyingine. Nimezunguka mtaa mzima. Natoa milioni tisini, nisiaibike tu."

Wiki ile Grauhorn ya kweli ilikuwa sabini. Kiumars akahesabu faida, lakini za kumpa hakuwa nazo. Nembo za Grauhorn zilimwishia tangu baridi iliyopita. Na mzigo halisi dukani ulikuwa pea moja tu, ya dirishani, ya kampuni nyingine, na hiyo haiuzwi. Hiyo kazi yake ni kuwafanya watu waamini zile zilizobaki.

"Njoo Alhamisi, khanum, mama yangu. Nitakutafutia hata ikiwa mdomoni mwa mbwa mwitu."

Mama akachomoa bunda. "Shika basi advansi kidogo."

Kwetu sisi pesa haipokewi hivihivi. Unakataa, anakusukumia, unakataa tena, anakuapia, mara ya tatu unapokea uso umekunja kama unameza dawa. Ndiyo adabu. Kiumars akaweka mkono kifuani. "Unanivunjia heshima, khanum. Mbele yako wewe pesa ni kitu gani?"

"Haya, Mungu akuzidishie," mama akasema, akarudisha bunda lake kifuani hapohapo. "Na siku ukipanda Shemshak, kule milimani kwenye theluji, karibu kwangu. Mlango wa buluu, chini ya ile mashine ya kupandishia watu."

Kiumars akabaki na mkono hewani. Lakini ungefanya nini? Umwambie mama wa watu, "Aa, nisukumie kidogo"?

Kesho yake akaja kijana, Bizhan, na skii begani. Grauhorn, nyekundu, zinang'aa. Anahamia Kanada, anauza kila kitu.

"Sitini," kijana akasema. Akatazama simu. "Samahani, agha. Dola imepanda. Sitini na tano."

Wimbo ule Kiumars ndiye aliyeutunga, na hakuusikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa ile tisini, na macho yako kwenye skii, si kwenye sura ya kijana. Akafagia droo mpaka vumbi, akalipa.

Alhamisi mama hakuja. Kiumars kaegemeza skii karibu na hita, kamsubiri mpaka chai ikapoa. Mara nembo ikaanza kutoa jasho, ikateleza, ikaanguka sakafuni. Chini yake pana tundu limezibwa kwa nta ya mshumaa. Akaligusa kwa kidole. Tundu lile aliliziba mwenyewe.

Alikuwa amenunua skii zake mwenyewe. Akafunga mlango haraka, jirani asione.

Ijumaa akazing'oa zile za dirishani, akazifunga juu ya gari, akapanda Shemshak. Mlango wa buluu ulikuwepo palepale. Akafungua Bizhan, mwiko mkononi.

"Mama, yule agha wa dola kafika."

"Mbona umechelewa, mwanangu," Pourandokht akasema. "Viatu vua hapo."

"Khanum, umeniuzia uchafu," Kiumars akasema.

"Uchafu wa nani? Baridi iliyopita skii hizohizo ulimuuzia huyu mwanangu kwa thelathini. Nembo ikabanduka mbele ya watu anaowafundisha kuteleza, wakamkimbia wote."

"Thelathini! Na mimi nimetoa sitini na tano."

"Bei imepanda. Si ndivyo mnavyotuambia nyie wa mjini?"

Kiumars akainama, akashusha sauti. "Pesa kaa nayo. Hizi hapa halisi, mpe kijana akafundishie. Ila neno hili lisifike Monirieh. Nikiitwa jina pale, nimekwisha."

Bizhan akazikunja kidogo zile skii, akazigonga kwa ukucha, akamtazama mama yake, akaitikia kwa kichwa.

"Mimi?" mama akasema. "Kinywa changu hakitamki. Naapa kwa kaburi la mume wangu."

Na kweli, mpaka leo hajatamka. Akatandika kitambaa cha chakula sakafuni, akapindua sufuria ya wali, harufu ya mboga na ndimu kavu ikajaa nyumba. Kisha akaita kuelekea chumba cha pili: "Iraj, mwana wa kaka yangu, amka, chakula tayari."

Pazia likasogea. Iraj mwenyewe, mwenye duka linalopakana na la Kiumars, mtu wa kwenda kwa shangazi yake kila Ijumaa, akatoka anajinyoosha. Usingizi usoni hakuwa nao hata kidogo.

"Sogea kidogo, Agha Gundi," akasema, "na mimi nipate pa kukaa."

Kiumars akasogea. Mama akamkatia ukoko wa kwanza, ule mwekundu wa chini ya sufuria anaopewa mgeni wa heshima. Wote wakakaa, wakala.